Dodoma hadi Dar kwa ndege ni kilomita 390: mbona tiketi inasema saa 1 na dakika 10?

Swali

Shikamoo mzee. Mimi niko Nkuhungu, hapa Dodoma. Nampeleka baba Muhimbili, miadi yake ni saa 5 asubuhi, na tumekata tiketi ya ndege kwa sababu hawezi tena kukaa kwenye basi kutwa nzima. Sasa nimechanganyikiwa. Simu inaniambia Dodoma hadi Dar ni kilomita 390. Mahali pengine mtandaoni wameandika 399. Konda wa basi anasema 450 na ushee. Muda nao ndiyo kabisa: tovuti moja inasema dakika 29, nyingine dakika 59, na tiketi yangu imeandika 07:20 hadi 08:30, yaani saa 1 na dakika 10. Kama ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa, si ilitakiwa kufika ndani ya nusu saa? Nani mkweli hapo, na nijipange vipi tusichelewe?

Jibu

Marahaba binti yangu, na pole kwa kuuguza. Hao wote uliowataja wanasema kweli, ila kila mmoja kapima kitu chake. Wewe fuata tiketi, tena ujue kwamba hiyo saa 1 na dakika 10 ni kipande tu cha asubuhi yenu. Kwenye safari fupi kama hii kilomita hazina sauti kubwa. Dakika nyingi zinaliwa ndege ikiwa chini, au ikiwa inapanda na kushuka, na humo mwendo wa 800 haupo.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kupangia safari za ndege, kule ambako kabla rubani hajapanda tunamwandalia njia, mafuta, hali ya hewa na uwanja wa kukimbilia mambo yakiharibika. Kwa hiyo nitakujibu jinsi tulivyokuwa tunahesabu, siyo jinsi simu inavyohesabu.

Tuanze na kilomita. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko digrii 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta, na digrii 35 na dakika 45 mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uko digrii 6 na dakika 53 kusini, digrii 39 na dakika 12 mashariki. Dakika hizi si za saa ya ukutani. Digrii moja imegawanywa mara 60, na kila kipande kinaitwa dakika. Uzuri wake ni kwamba dakika moja ya kwenda kusini au kaskazini ni sawa na maili moja ya baharini, ile wanayotumia marubani na manahodha, yaani kilomita 1.852. Basi hesabu unaifanya hata nyuma ya risiti. Kutoka 6:10 hadi 6:53 ni dakika 43, hizo ni maili 43 za kwenda kusini. Kutoka 35:45 hadi 39:12 ni dakika 207 za kwenda mashariki. Mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyoiacha ikweta, lakini sisi bado tuko karibu na ikweta, kwa hiyo tunapunguza chini ya asilimia 1 tu na kubaki na maili 206. Halafu mkumbuke Pythagoras wa kidato cha pili: 43 mara 43, jumlisha 206 mara 206, tafuta kipeuo cha pili. Unapata 210 na kidogo. Zidisha kwa 1.852, unaangukia kwenye 390 ya simu yako.

Ile 399 nayo si ya uongo. Waliopima hivyo wamechukua katikati ya mji wa Dodoma hadi katikati ya Dar, maeneo ya Posta, na Posta iko mashariki zaidi ya uwanja wa ndege kwa kilomita kama 10. Ndege haitui Posta, kwa hiyo achana nayo.

Konda naye anapima lami. Barabara haiwezi kunyooka kwa sababu katikati kuna milima ya Ukaguru na mabonde yake, hivyo inatoka Dodoma kwa Chamwino, Mbande, Kibaigwa kwenye soko la mahindi, Gairo, Dumila, inateremka hadi Morogoro, ndipo inashika Chalinze, Mlandizi na Kibaha. Ukipiga rula kwenye ramani utaona mstari wa ndege unapita kati ya Kongwa na Mpwapwa, unavuka Ukaguru juu kwa juu, unauacha mji wa Morogoro upande wa kusini, kisha unapita jirani kabisa na Chalinze. Kona ile ya kuteremkia Morogoro na kupanda tena ndiyo sehemu kubwa ya kilomita 60 na zaidi ambazo basi linazilipa na ndege haizilipi.

Kuna wanaouliza kama uduara wa dunia na kule kupaa juu vinaongeza umbali. Vinaongeza, lakini kiasi cha kuchekesha. Ungechimba handaki lililonyooka kutoka Dodoma hadi Dar, katikati lingekuwa kilomita 3 chini ya ardhi, na pamoja na kazi yote hiyo ungeokoa mita 60 tu. Na kuruka kwenye urefu wa futi 25,000 badala ya kutambaa chini kunaongeza njia kwa takriban nusu kilomita. Kwa hiyo siri ya ile saa nzima haiko kwenye umbali.

Sasa muda. Dakika 29 imepatikana kwa kugawa 390 kwa 800. Hakuna ndege ya abiria duniani inayoweza kuifanya safari hii kwa muda huo, kwa sababu hesabu hiyo inachukulia kwamba ndege tayari iko juu, tayari iko kwenye mwendo wake wa mwisho, na ikifika juu ya Dar inasimama papo hapo. Dakika 59 ni hiyohiyo 29 imeongezewa 30. Tovuti nyingi za kupima umbali zinafanya hivyo: zinagawa umbali kwa mwendo mmoja wa jeti, kisha zinapachika nusu saa ya kupaa na kutua, iwe safari ni ya Dodoma hadi Dar au ya Dar hadi Johannesburg. Kwa makadirio ya haraka si mbaya. Kwa kumwahi daktari haitoshi.

Tuifuate ndege yenyewe. Njia hii inapigwa sana na Dash 8-400 ya Air Tanzania, ile yenye viti 76 ambayo watu wameibatiza pangaboi kwa sababu ya mapanga yake yanayozunguka, na pia jeti za Airbus A220-300 zenye viti 132. Precision Air wanatumia ATR, nayo ni pangaboi, ya mwendo wa chini kidogo. Nichukue hiyo Dash 8 kwa mfano.

Saa 07:20 iliyoandikwa kwenye tiketi si saa ya kuruka. Ni saa ya magurudumu kuanza kusogea kutoka maegesho, na 08:30 ni saa ya magurudumu kusimama kwenye maegesho ya Dar. Kwanza ndege inatembea polepole hadi mwisho wa barabara ya kurukia, inageuka, inasubiri ruhusa ya mnara. Hizo ni dakika 7 hadi 10, na hujaenda popote. Kisha inaruka. Dodoma iko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 1,100, na hewa ya huku ni nyepesi, hasa mchana jua likishakolea. Mabawa na injini vinapata hewa pungufu, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka kuliko ingehitaji Dar. Abiria hali hii haimpotezei hata dakika moja. Anayeumiza kichwa ni mpangaji wa safari, kwa sababu siku ya joto kali inaweza kumlazimu apunguze mzigo.

Kupanda hadi futi 23,000 au 25,000 kunachukua kama robo saa. Wakati huo mwendo ni wa wastani wa kilomita 400 kwa saa, kwa hiyo mnapofika juu mmekula kilomita 100 tu. Na kushuka kunaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Marubani wana kanuni yao ya kichwani: kwa kila futi 1,000 unazotaka kushuka, tenga maili 3 za baharini. Futi 25,000 mara 3 ni maili 75, karibu kilomita 140. Yaani rubani wa ndege yenu anaanza kuteremka wakati bado hajafika hata Chalinze, akiwa mahali fulani usawa wa Morogoro. Akishuka chini ya futi 10,000, kwa kawaida hatakiwi kuzidi noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa, kama kilomita 460 kwa saa, na mwishoni kabisa, magurudumu yakiwa nje, ndege inakwenda kilomita 220 au 240 hivi kwa saa. Kipande hicho cha kushuka ni dakika 20 au zaidi kidogo.

Hesabu kilichobaki: 390 toa 100 toa 140. Ni kilomita 150. Huo ndio urefu wote ambao ndege inakwenda kwa mwendo wake kamili, ambao kwa Dash 8 ni kama kilomita 650 kwa saa. Dakika 14! Ndiyo maana soda inagawiwa kwa haraka vile, na vikombe vinakusanywa kabla hujamaliza. Ukijumlisha kupanda, dakika hizo 14, kushuka na dakika chache za kujipanga kwenye mstari wa kutua, unapata dakika 50 hadi 55 za angani. Weka dakika za kutembea chini Dodoma na zile za kutembea chini Dar, na mashirika nayo huongeza akiba kidogo ili ndege isihesabiwe imechelewa kwa kila jambo dogo. Hapo umeshafika saa 1 na dakika 10. Kwa hiyo rubani akitangaza kwamba mtakuwa angani dakika 50, usishike tiketi ukafikiri umedanganywa.

Hii pia inaeleza kwa nini mwenye jeti haringi sana kwenye njia hii. A220 ikiwa juu inafikia kilomita 800 na zaidi, hiyo 800 yako, lakini inaifikia kwa dakika chache tu kabla ya kuanza kuteremka. Mbele ya Dash 8 inaokoa labda dakika 5 au 8. ATR inaongeza dakika kama hizo upande wa pili. Tofauti inaonekana kwenye vindege vidogo vya injini moja kama Cessna Caravan, vinavyokwenda kilomita 300 na kitu kwa saa. Hapo utakaa angani karibu saa 1 na nusu, na kwa baba nisingependekeza.

Upepo nao una neno lake, ingawa si kubwa. Anga la huku kwetu, kwa sehemu kubwa ya mwaka, upepo wa juu unatoka mashariki kwenda magharibi. Mkienda Dar mnaupiga kifua, mkirudi unawasukuma. Kwa safari fupi hivi ni dakika mbili tatu tu. Kinachokula dakika zaidi ni upande wa kutua. Barabara ya kurukia ya Dodoma imelala mashariki-magharibi, na upepo wa Dodoma, kama unavyoujua, unapiga kutoka mashariki. Ndege inapenda kuruka na kutua ikiukabili upepo. Mkiondoka kwenda Dar hilo ni raha, mnaruka mkiwa tayari mmeelekea mashariki. Lakini ndege inayotoka Dar mara nyingi inaupita uwanja kwanza, inaenda upande wa kuelekea Singida, inageuka, ndipo inarudi kutua. Ndiyo maana wageni wengi wanaushangaa mji uko pale chini dirishani na ndege haitui. Dakika 5 au 6 zinaondoka hapo, na ile faida ya kusukumwa na upepo imekwisha. Dar vilevile: upepo ukiruhusu kutua kutokea upande wa kusini-magharibi, mnaingia moja kwa moja. Ukigeuka, mtazungushwa hadi juu ya mji na bahari ndipo mrudi, na siku yenye ndege nyingi mtapangwa foleni.

Basi, hesabu zimetosha. Turudi kwa baba.

Kwanza kabisa, na usinione nakudharau, andika kwenye karatasi kubwa ukutani: ndege inaondoka saa 1 na dakika 20 asubuhi. Tiketi inaandika 07:20 kwa saa za kimataifa, na nimeona watu wazima, wenye shahada zao, wakija uwanjani na tiketi ya 06:50 wakiwa wametulia kabisa, ndege ilishatua Dar zamani. Kwenye tiketi ya kurudi ndiyo hatari zaidi, maana 19:20 ni saa 1:20 usiku.

Nkuhungu hadi uwanjani si mbali, na Dodoma ina bahati ya kuwa na uwanja ndani ya mji. Hata hivyo uwe umefika saa 12 kamili asubuhi. Kaunta za safari za ndani zinafungwa kabla ya ndege kuondoka, kuna wanaofunga dakika 40 kabla na kuna wanaotaka zaidi, soma tiketi yako imeandikaje. Mtu unayemsindikiza akiwa anatembea kwa shida, zile dakika za kutoka kwenye gari, kupita ukaguzi, kuvua mkanda na kutoa funguo mfukoni zinajizidisha. Kagua pia tiketi inataja uwanja upi. Mji umejengewa uwanja mwingine wa Msalato, kilomita kama 12 nje, barabara ya Arusha, wenye barabara ya kurukia ya mita 3,600. Ukitokea Msalato, umbali wa angani hadi Dar unabadilika kwa kilomita chache tu, kitu ambacho ndege haitakisikia. Dereva wa teksi atakisikia, na wewe utakisikia mfukoni.

Wasiwasi wangu kwa asubuhi yenu uko kwenye kuchelewa kuondoka kuliko urefu wa safari. Ndege nyingi za ndani zinalala Dar. Ile itakayowachukua saa 1:20 inawezekana imeamka Dar alfajiri, ikabeba watu wa Dodoma, ikashusha, ikapakia ninyi. Kama imechelewa kutoka huko kwa nusu saa, nanyi mmechelewa nusu saa hata kama mlifika uwanjani kabla ya mlinzi. Asubuhi hiyo usiulize kaunta kama ndege itawahi, maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza kama ile inayotoka Dar imeshapaa. Zuri ni kwamba ndege za mapema hazijabeba ucheleweshaji wa safari nyingine. Ya jioni inakuwa imeshazunguka mikoa, na kila kituo kimeichelewesha kidogo. Na kama miadi iko kati ya Desemba na Aprili, msimu wetu wa mvua, mawingu mazito ya radi yanapenda kujijenga mchana na jioni, si asubuhi. Ndege ikiambiwa isubiri au irudi, ina mafuta ya kufanya hivyo. Sheria inaitaka ndege ya injini za namna hii ifike na akiba ya dakika 30 juu ya mafuta ya safari na ya kwenda uwanja wa mbadala. Kwa hiyo mkizungushwa hewani msiogope, mnapoteza muda tu.

Mkitua saa 2:30, msihesabu kwamba mmefika. Kuteremka, kusubiri kiti cha magurudumu, kungoja begi kama mmeliweka chini ya ndege: mtatoka nje karibu saa 3. Kutoka hapo hadi Muhimbili, Upanga, si zaidi ya kilomita 12 au 13, lakini ni Barabara ya Nyerere asubuhi. Flaiova ya Tazara imesaidia tangu 2018, haijamaliza foleni. Weka saa nzima na usifikirie dakika 25 za usiku wa manane. Mtakuwa hospitali saa 4 hivi. Mnabaki na saa moja ya akiba kabla ya saa 5, na hiyo akiba ndiyo itakayomeza ndege kuchelewa. Ikiwa daktari ni yule ambaye ukimkosa unapangiwa mwezi mwingine, nakushauri bila kuuma maneno: nendeni jana yake, mlale kwa ndugu.

Na kwa kuwa nauli ya ndege ni kubwa, nikuulize: mmelifikiria treni? SGR, ile treni ya umeme ya reli ya kisasa, ilianza kufika Dodoma Julai 2024, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na ya haraka inachukua saa 3 na nusu hivi hadi Dar, ya kawaida inazidi kidogo. Kwa macho ya tiketi, saa 1 na dakika 10 dhidi ya saa 3 na nusu ni kama mchezo umeisha. Lakini hesabu mlango hadi mlango. Kwa ndege, mnatoka nyumbani saa 11:40 alfajiri mnafika Muhimbili saa 4, zaidi ya saa 4 kamili. Kwa treni ongeza kufika stesheni mapema, ongeza kutoka Stesheni ya Magufuli hadi Upanga, ambako ni karibu kuliko kutoka uwanja wa ndege, na unapata kama saa 5. Tofauti ni saa moja hivi. Ndani ya treni baba anaweza kusimama, kunyoosha miguu na kwenda msalani bila kusubiri taa ya mkanda izimwe. Mimi kwa mgonjwa wa mgongo au miguu ningechagua treni ya siku ya kabla. Kwa mgonjwa anayechoka upesi, ambaye kila nusu saa ya kukaa ni adhabu, ndege. Wewe ndiye unayemjua.

Mkibaki na ndege, pigia shirika simu angalau siku mbili kabla uombe kiti cha magurudumu, na uwaambie wazi kama anaweza kupanda ngazi mwenyewe au la. Dash 8 ina ngazi fupi zilizo kwenye mlango wake, hatua chache tu. A220 ni ndefu kwenda juu na inaletewa ngazi za kusukumwa, na kwa mzee wa magoti hiyo ni habari nyingine kabisa. Kama ana tatizo la moyo au mapafu, au anatumia oksijeni, daktari wake aseme kwanza, na shirika litakuwa na fomu yake ya kujaza, kwa sababu hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kuliko hata hii ya Dodoma. Dawa zake zote na karatasi za hospitali zikae kwenye mkoba wa mkononi. Kitambulisho chake cha NIDA usikisahau mezani.

Kiti, ukipewa nafasi ya kuchagua, mwombee cha kulia karibu na mbele. Kulia ndiko milima ya Uluguru itakakokuwa siku isiyo na mawingu, na kukaa mbele kunampunguzia kutembea.

Kuhusu kurudi, usikate ya jioni ileile. Kliniki ya saa 5 inaweza kuanza saa 7, vipimo vikasogea hadi kesho, na tiketi ya bei ya chini kwa kawaida haibadilishwi bila faini. Bunge likiwa linakaa, hasa lile la bajeti la Aprili hadi Juni, viti vya kuja Dodoma vinajaa na bei inapanda kila siku, kwa hiyo usingoje kuinunua siku ya mwisho pia. Kata inayoruhusu kubadilisha tarehe hata kama ni ghali kidogo, au rudini kwa treni, ambako mkikosa ya asubuhi mnaweza kujaribu ya baadaye.